Ualimu na Ushairi Katika Maisha ya Frances E. W. Harper (1825–1911)

Wahakiki wengi waliomtaja Frances Ellen Watkins Harper katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini walifuata desturi moja. Walimsifu kwa tabia, wakamsifu kwa ujasiri, wakahesabu mihadhara yake na vyama alivyovitumikia. Kisha walipofika kwenye mashairi yenyewe wakapunguza sauti, kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye msiba. W. E. B. Du Bois, alipomwandikia buriani katika jarida la The Crisis mwaka 1911, alisema kwamba hakuwa mwandishi mkubwa ingawa aliandika mengi yanayofaa kusomwa. J. Saunders Redding, katika To Make a Poet Black (1939), alilalamikia wingi wa hisia za huruma katika tungo zake. Kwa muda mrefu baada ya hapo Harper alibaki katika vitabu vya historia ya fasihi ya Wamarekani weusi kama mtu wa kuheshimiwa, si mtu wa kusomwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo imejengwa juu ya mgawanyo ambao maisha ya Harper hayauthibitishi, yaani mgawanyo kati ya mwalimu na mshairi. Imechukuliwa kwamba alikuwa mwalimu kwanza, akashindwa na kazi hiyo, akageukia jukwaa la siasa, na mashairi yakaja kama chombo cha jukwaa. Tukiufuata mlolongo huu tutalazimika kukubali kwamba ushairi wake ulizaliwa ukiwa mtumishi wa jambo jingine. Lakini mlolongo wenyewe una kasoro, na ushahidi wa kasoro hiyo ulipatikana mahali pasipotarajiwa. Msomaji aliyelelewa katika mapokeo ya utenzi, ambamo mtunzi hutoa wasia bila kuomba radhi, huenda akashangaa kwamba kufundisha kumewahi kuhesabiwa kuwa dosari ya shairi. Tunalitaja hilo kwa kupita tu, maana nia yetu hapa si ulinganishi.

Harper alizaliwa Baltimore, katika jimbo la Maryland, tarehe 24 Septemba 1825, kwa wazazi weusi waliokuwa huru. Neno "huru" linahitaji maelezo. Maryland lilikuwa jimbo la utumwa, lakini katika mji wa Baltimore watu weusi waliokuwa huru waliwazidi watumwa kwa mbali: hesabu ya mwaka 1850 iliandikisha zaidi ya 25,000 waliokuwa huru, na wasiofika 3,000 waliokuwa watumwa. Hata hivyo mtu mweusi huru hakuwa na kura, wala hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mtu mweupe. Aliishi akijua kwamba uhuru wake ulitegemea karatasi, na kwamba karatasi huweza kupotea.

Mama yake alifariki Frances akiwa na umri wa miaka mitatu. Alilelewa na mjomba wake, William Watkins, na mkewe Henrietta. Mjomba huyu anastahili kuangaliwa kwa makini kuliko anavyoangaliwa katika wasifu nyingi. Alikuwa fundi viatu, mhubiri, na mwalimu aliyefungua shule yake ya watoto weusi mnamo 1820. Aliandika pia katika The Liberator, gazeti la William Lloyd Garrison, akitumia lakabu iliyomtambulisha kama mtu mweusi wa Baltimore, na alipinga vikali mpango wa kuwahamishia watu weusi huru nchini Liberia. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hawezi kurudishwa mahali ambapo hakutoka yeye, ilhali nchi aliyoijenga kwa jasho lake inamwambia si yake. Shuleni alisifika kwa ukali, hasa katika insha na sarufi. Mpwa wake alipata katika chumba kile mambo mawili ambayo hayakumtoka maisha yake yote: Biblia kama hazina ya visa, na imani kwamba sentensi iliyopangwa sawasawa ni silaha ya mtu asiye na kura.

Alipofikisha umri wa miaka kumi na mitatu masomo yalikoma. Akaenda kufanya kazi katika nyumba ya familia ya Quaker (dhehebu ambalo sisi tunalifahamu zaidi kwa jina la Marafiki, hasa magharibi mwa Kenya), akishona na kuwatunza watoto. Familia hiyo ilikuwa na duka la vitabu, na msichana akaruhusiwa kusoma kazi zilipokwisha. Katika miaka hiyo ya sindano na vitabu vya watu, pengine katika nusu ya pili ya miaka ya 1840, alitoa kijitabu chake cha kwanza cha mashairi, Forest Leaves. Tutakirudia baadaye, kwa sababu kwa zaidi ya karne nzima hakuna mhakiki aliyekuwa na nakala yake.

Mwaka 1850 ndio uliotawanya ukoo huo. Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Watumwa Watoro, iliyowalazimu hata wakazi wa majimbo yasiyo na utumwa kushiriki katika kuwakamata waliotoroka. Mtu mweusi aliyeshikwa chini ya sheria hiyo hakupewa nafasi ya kujitetea mbele ya baraza la mahakama. Watkins aliifunga shule yake, na baadaye akahamia Kanada. Frances naye alikwenda Ohio kufundisha katika Union Seminary, shule ya Kanisa la African Methodist Episcopal karibu na Columbus, chini ya uongozi wa John Mifflin Brown. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha pale. Somo alilopewa lilikuwa ushonaji. Wapo wanaoona hapa kejeli, kwamba mtunzi wa diwani alikabidhiwa uzi na sindano. Sisi hatuioni. Ushonaji ulikuwa kazi iliyomlisha yeye mwenyewe, na kwa binti mweusi wa Ohio ya wakati huo ulikuwa mojawapo ya njia chache za kupata mkate bila kuwa mtumishi wa ndani.

Kutoka Ohio alihamia Little York, katika jimbo la Pennsylvania, na hapo ndipo kazi ya darasani ilipomwelemea. Tunazo habari hizi kutokana na barua alizomwandikia rafiki yake William Still, ambaye alizitia katika kitabu chake kikubwa, The Underground Railroad, kilichotoka mwaka 1872. Alikuwa na watoto 53 chini ya mkono wake, wakorofi na wasiowahi kufunzwa. Katika barua moja anamwuliza rafiki yake angefanya nini lau angekuwa yeye: je, angeacha na kuirudia kazi ya ushonaji? Papo hapo anaongeza kwamba hakuna watu wanaoihitaji elimu nzuri kuliko watu wao. Barua hii hunukuliwa kama ushahidi kwamba alishindwa. Kila aliyewahi kusimama mbele ya darasa la ukubwa huo atajua kwamba mwalimu aliyeshindwa haandiki hivyo. Anayeandika hivyo ni mwalimu aliyetambua kwamba chumba alichopewa ni kidogo kuliko kazi iliyomo.

Jambo lililomtoa darasani, kwa mujibu wa Still, lilitokea nyumbani kwao. Maryland lilipitisha sheria kwamba mtu mweusi huru akiingia jimboni kutoka Kaskazini aweza kukamatwa na kuuzwa utumwani. Sheria hiyo, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa ya mwaka 1853, ilimfungia Harper mlango wa mji aliozaliwa. Mtu mmoja huru aliyeivunja aliuzwa hadi Georgia. Akatoroka, akakamatwa tena, na mwishowe akafa. Harper aliandika kwamba juu ya kaburi la mtu huyo alijiapiza kuutumikia upinzani dhidi ya utumwa. Alikwenda Philadelphia, akawa karibu na nyumba ya Still, mojawapo ya vituo vikuu vya mtandao wa siri uliowavusha watumwa watoro. Huko aliona kwa macho yake watu waliofika usiku wakiwa na hadithi zao tu.

Mnamo Agosti 1854 alitoa mhadhara wake wa kwanza hadharani huko New Bedford, Massachusetts. Mada yake ilikuwa elimu na kuinuliwa kwa watu weusi. Yaani mara tu alipoliacha darasa aliingia jukwaani kuzungumza juu ya darasa. Chama cha kupinga utumwa cha jimbo la Maine kikamwajiri kuwa mhadhiri msafiri, na mwaka huo huo diwani yake, Poems on Miscellaneous Subjects, ikatoka Boston ikiwa na dibaji ya Garrison.

Dibaji hiyo ina umuhimu wa pekee kwa hoja yetu. Garrison alikuwa rafiki wa kweli, na hatuna haja ya kuutilia shaka moyo wake. Lakini aliwaomba wahakiki wayasome mashairi hayo wakikumbuka kwamba mtunzi alikuwa kijana, na kwamba alitoka katika watu waliokandamizwa na kutengwa. Kwa ombi hilo la huruma alifungua mlango ambao Du Bois na Redding, kila mmoja kwa namna yake, waliingilia. Kwanza mtu anaombewa radhi kwa sababu ya hali yake. Kisha anasifiwa kwa kuishinda hali yake. Mwisho anahukumiwa kwamba nje ya hali yake hana kitu. Katika hatua zote tatu hakuna aliyeuliza shairi linafanya nini.

Wasomaji wa kawaida hawakungoja jibu la wahakiki. Ukurasa wa jina wa toleo la Philadelphia la mwaka 1857 unatangaza kwamba kitabu kimefikia nakala ya elfu kumi, na kiliendelea kupigwa chapa kwa miaka mingi baadaye. Nakala nyingi ziliuzwa pale pale mihadhara ilipotolewa, kwa watu waliokuwa wamekwisha kuyasikia baadhi ya mashairi kutoka kinywani mwa mtunzi. Hapa ndipo hapana budi kuitazama fani.

Mashairi mengi ya diwani hii yametungwa kwa beti za mishororo minne, yenye vina katika mshororo wa pili na wa nne, au kwa vina vya jozi. Mizani yake ni fupi, ya namna ile iliyozoeleka katika nyimbo za kanisani na katika masimulizi ya kale ya Kiingereza yaliyoimbwa. Mhakiki anayetafuta ugumu wa lugha hataupata. Lakini tuuangalie mfano wa shairi liitwalo "The Slave Mother", linalosimulia mama mtumwa anayenyang'anywa mwanawe. Shairi linaanza kwa swali. Msikilizaji anaulizwa kama amesikia ukelele. Haambiwi kwamba kulikuwa na ukelele. Kisha anaulizwa kama ameona mikono iliyofumbatana na kichwa kilichoinama. Baada ya maswali hayo ndipo tunamwona mtoto akijaribu kujificha katika vazi la mama yake, na katika beti zinazofuata linarudiwa tamko moja, kwamba mtoto huyu si wake, ijapokuwa amemzaa kwa uchungu na damu yake inakwenda katika mishipa ya mtoto.

Turudi kwenye swali la mwanzo. Mwalimu mzuri hamwambii mwanafunzi kilichopo ubaoni. Humwuliza anaona nini. Maswali ya "The Slave Mother" yanaifanya hadhira ya Maine, iliyokuwa mbali sana na mnada wowote wa watu, iwajibike kama shahidi. Aliyeulizwa kama amesikia hana njia ya kurudi katika hali ya kutosikia. Urudiaji wa tamko la "si wake" nao si ufukara wa msamiati. Ni lugha ya sheria inayorudiwa mpaka upuuzi wake uonekane, maana sheria ya utumwa ilisema hivyo hasa: mtoto ni wa bwana. Redding aliona hapa machozi. Sisi tunaona pia somo la sheria ya mali lililofundishwa kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kulifikiria.

Urahisi wa fani ulikuwa pia uamuzi wa usafirishaji, kama tunaweza kuliita hivyo. Beti fupi zenye vina hukaa kichwani. Mtu asiyejua kusoma aliweza kwenda nazo nyumbani bila kununua kitabu. Shairi lake mashuhuri kuliko yote, "Bury Me in a Free Land", la mwaka 1858, ambamo msemaji anaomba azikwe popote, katika bonde au juu ya kilima, mradi isiwe katika nchi ya watumwa, lilifika hata kwenye chumba cha gereza. Harper alilituma kwa mmoja wa wenzake John Brown aliyekuwa akingoja kunyongwa baada ya shambulio la Harpers Ferry la mwaka 1859. Wakati huo huo alikaa na Mary Brown, mke wa John Brown, katika siku za mwisho kabla ya mumewe kuuawa. Mwaka 1859 pia ndipo ilipotoka katika The Anglo-African Magazine hadithi yake "The Two Offers", ambayo wasomi wengi huihesabu kuwa hadithi fupi ya kwanza kuchapishwa na mwanamke Mmarekani mweusi.

Ndoa yake ilikuwa fupi. Aliolewa na Fenton Harper mwaka 1860, mjane mwenye watoto watatu, wakaishi katika shamba karibu na Columbus, wakapata binti, Mary. Fenton alifariki mwaka 1864 akiacha madeni. Alichojifunza mjane huyo alikieleza mwaka 1866 mbele ya mkutano wa kitaifa wa haki za wanawake mjini New York. Miezi mitatu haikupita tangu mazishi kabla ya msimamizi wa mirathi kuvichukua vitu vya nyumbani, hata vyombo vya maziwa na mabeseni ya kufulia, asimwachie chochote cha maana isipokuwa kioo. Lau angekufa yeye, alisema, mumewe asingeguswa. Hotuba hiyo ilikuwa pia somo kwa wanawake weupe waliokaa mbele yake, kwani aliwakumbusha kwamba wao huzungumza juu ya haki, naye anazungumza juu ya madhara. Na akawasimulia alivyofanyiwa katika mabehewa ya abiria kwa sababu ya rangi yake. Alipolazimika kuchagua mwaka 1869, harakati ilipogawanyika juu ya Marekebisho ya 15 ya Katiba yaliyowapa wanaume weusi kura na kuwaacha wanawake wote nje, aliyaunga mkono.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, alifanya jambo ambalo wachache wa hirimu yake waliokuwa na jina walithubutu. Kati ya mwaka 1867 na 1871 alisafiri karibu majimbo yote ya Kusini, mara nyingi peke yake, akihutubia makanisani, shuleni na katika vibanda vya watu walioachiwa huru. Barua zake kwa Still zinaonyesha kwamba sehemu ya mihadhara hiyo ilikuwa ya wanawake peke yao, na hiyo hakuitoza ada. Anasimulia kwa ucheshi maneno aliyoyasikia kutoka kwa hadhira iliyoshindwa kuamini kwamba mwanamke mweusi aweza kusema vile: mmoja alidai kwamba bila shaka ni mwanamume, mwingine kwamba si mweusi bali amejipaka rangi. Hii ilikuwa miaka ambayo shule za watu weusi zilichomwa moto na walimu wake kupigwa.

Zao la safari hizo ni Sketches of Southern Life (1872), na kwa maoni yetu hiki ndicho kitabu chake bora. Sehemu yake kubwa ni mfuatano wa mashairi yanayosimuliwa na bikizee mmoja, Aunt Chloe, aliyewahi kuuziwa watoto wake. Harper anamwachia Chloe aseme kwa lugha nyepesi yenye ladha ya kusemwa, lakini hampotoi matamshi kwa tahajia za kuchekesha kama walivyozoea waandishi wengi waliowaigiza watu weusi wakati huo na baadaye. Huo ni uamuzi wa kifani wenye adabu ndani yake. Chloe ana akili, ana dhihaka, na msomaji anacheka pamoja naye, hamcheki.

Katika "Learning to Read" Chloe anaeleza jinsi mabwana walivyoficha elimu, kwa kuwa mtumwa mwenye maarifa asingetawalika. Watu waliiba herufi moja moja. Mzee Caldwell alizipaka mafuta kurasa za kitabu chake na kukificha ndani ya kofia, ili akionekana, wazungu wadhani ni makaratasi machafu tu. Mwingine, Ben Turner, aliwasikiliza watoto wakitaja tahajia za maneno, akayahifadhi kichwani mpaka akajua kusoma. Kisha walimu wanafika kutoka Kaskazini. Chloe ana karibu miaka sitini. Anaambiwa wakati wake umepita. Anatafuta miwani, anajifunza mpaka aweze kusoma nyimbo za kanisa na Agano Jipya, na ndipo anajipatia kibanda chake mwenyewe, anamojiona huru kama malkia katika kiti chake.

Mpangilio huo wa mambo hautokani na sadfa. Kusoma kwanza, nyumba baadaye. Mwandishi ambaye miaka miwili kabla ya shairi hili alikuwa bado akisafiri katika mashamba ya Kusini, na ambaye mwaka 1864 alishuhudia vyombo vyake vikibebwa kwa sababu ya hati zenye jina la mumewe, alijua vyema uhusiano wa karatasi na paa. Isitoshe, shairi linalohusu kujifunza kusoma limetungwa kwa beti ambazo asiyejua kusoma anaweza kuzihifadhi kama Ben Turner alivyohifadhi tahajia. Fani yake inatumia njia ile ile ambayo maudhui yake yanaisimulia. Mhakiki anayesema kwamba Harper hakujali fani na aturudie hapa.

Kuna ushahidi wa pili, na ni wa kimatini zaidi. Mwaka 1869, miaka mitatu kabla ya Sketches, Harper alitoa Moses: A Story of the Nile, shairi refu la masimulizi lenye mizani ndefu lakini lisilo na vina, lenye lugha ya juu, na linalomweka mbele binti Farao na mama mzazi wa Musa kabla ya kumweka Musa. Huyu basi si mtunzi aliyetumia beti nyepesi kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kitu kingine. Alijua bahari zaidi ya moja na alichagua kufuatana na hadhira. Binafsi tunayaona mafungu marefu ya Moses kuwa yamepoa, na Chloe kuwa hai zaidi. Lakini hilo ni suala la matokeo, si la uwezo.

Katika "The Deliverance", shairi refu la mfuatano huo huo, jicho la Chloe linageukia uchaguzi. Wanaume weusi wamepata kura, na wapo wanaoiuza kwa unga, nyama au sukari. Lucinda Grange anamfuata mumewe mpaka anazirudisha posho alizohongwa. Milly Green anamwandama Joe siku baada ya siku, akimwambia kwamba akipiga kura vibaya achukue matambara yake aondoke. Wanawake hao hawana kura. Wanaijua thamani yake kuliko walionayo, na Harper hahitaji kuhubiri juu ya jambo hilo, kwa sababu vituko vya Lucinda na Milly vinatosha.

Miaka yake iliyobaki ilijaa kazi ambazo tutazipitia kwa haraka. Alikaa Philadelphia, akaongoza kazi ya watu weusi katika umoja wa wanawake Wakristo wa kupinga ulevi kuanzia 1883 hadi 1890, akahutubia kongamano la wanawake la Chicago mwaka 1893, na akashiriki mwaka 1896 katika kuanzisha umoja wa kitaifa wa vyama vya wanawake weusi. Riwaya yake Iola Leroy ilitoka mwaka 1892; mhusika wake mkuu, aliyegundua kwamba ana damu nyeusi na kukataa kujificha katika weupe wake, anafanya kazi ya kuwafundisha watu walioachiwa huru. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hiyo ndiyo riwaya yake ya pekee. Frances Smith Foster alizikusanya nyingine tatu kutoka kurasa za The Christian Recorder, gazeti la Kanisa la African Methodist Episcopal, na kuzitoa mwaka 1994. Hazikuwa zimefichwa. Wahakiki hawakuwa na mazoea ya kutafuta riwaya katika magazeti ya kanisa. Harper alifariki tarehe 22 Februari 1911, miaka tisa kabla ya wanawake wa Marekani kuhakikishiwa kura kikatiba, akazikwa karibu na binti yake katika makaburi ya Eden, nje kidogo ya Philadelphia.

Inabaki Forest Leaves. Still alikitaja, na waliomfuata wakarudia kwamba kimepotea. Mwanafunzi wa uzamifu, Johanna Ortner, alipokuwa akifanya utafiti wake alikiulizia katika maktaba ya chama cha historia cha Maryland, akaletewa. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2015. Kitabu kilikuwa Baltimore, mji ule ule kilimopigwa chapa. Ukurasa wake wa jina hauna mwaka, lakini wasomi wanakiweka katika nusu ya pili ya miaka ya 1840, kabla ya Ohio, kabla ya Little York, kabla ya kaburi la mtu yule wa Maryland.

Miongoni mwa mashairi yaliyomo ni "Bible Defence of Slavery", shairi linalowashambulia wahubiri waliotumia Maandiko kuhalalisha utumwa. Kabla ya ugunduzi huu lilijulikana kutokana na diwani ya 1854, na liliposomwa lilichukuliwa kuwa tunda la kiapo na jukwaa. Katika diwani hiyo linamalizika kwa kuwaambia wanaoziombea nchi za mbali za wapagani wakumbuke kwamba utumwa unazalisha wapagani mlangoni pao. Sasa tunajua kwamba kulipinga hubiri la mabwana hakukungoja jukwaa. Msichana wa Baltimore alikuwa amekwisha kuligusa suala hilo akiishi katika jimbo la utumwa, ambako mtu mweusi hakuweza kusema neno mahakamani. Dibaji ya Garrison ilipomwombea radhi kwa ujana wake mwaka 1854, shairi hilo lilikuwa limekwisha kutoka kwa herufi za chapa miaka kadhaa nyuma. Alipolichapa mara ya kwanza hakuwa na darasa, wala mwajiri wa mihadhara, wala Garrison. Alikuwa na sindano, na vitabu alivyoazimwa nyumbani kwa waajiri wake, na mpiga chapa mjini aliyekubali kuipokea kazi.